Diwani anaomba kokoto, mtaalamu anaomba utafiti: nani ana haki?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni diwani wa kata moja ya milimani mkoani Morogoro. Tuna barabara ya changarawe ya kilomita 14 inayotutoa kwenye kata hadi barabara kuu. Kila masika inakatika sehemu tatu, zilezile. Ndizi zinaozea njiani na wajawazito wanabebwa kwa machela. Mwezi uliopita nilimsikia mtaalamu redioni akisema serikali zetu zitenge fedha zaidi kwa utafiti wa teknolojia za kisasa za barabara na madaraja, akatoa mfano wa Marekani. Nilikasirika, sitaficha. Kwa nini serikali iwape fedha watu wa maabara wakati mimi naomba kokoto? Na kama huo utafiti una faida kweli, kwa nini kampuni za ujenzi zisiulipie zenyewe?

Jibu: Marahaba, Mheshimiwa Diwani. Poleni na masika, na asante kwa kusema wazi kwamba ulikasirika. Nimeshughulika na udongo, kokoto na lami kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimeulizwa na wenyeviti wa vijiji, na madereva, hata na wahandisi wenzangu. Niruhusu nianze na hizo kokoto unazoziomba.

Barabara ya changarawe inalika. Kila gari linalopita linang'oa chembe. Upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi, na vumbi hilo ndilo lililokuwa gundi ya changarawe. Kisha mvua inasomba kilicholegea hadi mtaroni. Barabara ya namna yako kwa kawaida hupoteza kati ya milimita 10 na 30 za changarawe kwa mwaka, kutegemea mvua, mwinuko na wingi wa magari. Tuchukue 20. Ikiwa barabara ina upana wa mita 5.5, kila kilomita inapoteza mita za ujazo 110 kwa mwaka. Hizo ni safari 11 za lori la mita za ujazo 10, kurudisha tu kilichoondoka. Zidisha kwa kilomita 14 upate safari 154, kila mwaka, bila kuhesabu hasara ya kushindilia. Na machimbo hayazai: changarawe nzuri ya karibu ikiisha, lori linaifuata mbali zaidi, na mafuta ni yaleyale ya kulipia. Ukimwagiwa leo tabaka la sentimita 15, baada ya miaka saba au minane utakuwa umerudi ulipoanzia.

Sasa angalia hizo milimita nilizokutajia. Kuna mtu alizipima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara ya utafiti wa barabara ya serikali ya Uingereza, iliyojulikana kwa herufi TRRL, ilikwenda Kenya kwa ushirikiano na serikali ya nchi hiyo na Benki ya Dunia. Wakachagua vipande vya barabara za lami na za changarawe, wakavifuatilia miaka kadhaa: changarawe imepungua kiasi gani, magurudumu yamechimba kina gani, barabara inarusha gari kiasi gani. Upande wa pili wakafuatilia magari yenyewe, yanatumia mafuta kiasi gani, matairi mangapi, vipuri gani. Ripoti zilitoka 1975. Namba hizo, pamoja na nyingine zilizokusanywa baadaye Karibiani, India na Brazil, ndizo zilizozaa programu za kukokotoa faida ya barabara, ambazo toleo linalotumika sasa linaitwa HDM-4. Nchi yetu ikiomba mkopo wa barabara, mara nyingi hesabu ya kuonyesha kwamba barabara itajilipa hupitishwa humo. Vumbi la Kenya la miaka ya sabini bado linaamua barabara ipi ijengwe Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hakuna mkandarasi ambaye angelipia kazi ile. Zililipa serikali na Benki ya Dunia.

Kuhusu Marekani, nakupa mfano mmoja tu, ila nitakaa juu yake kidogo, kwa sababu unagusa kila lori linalopita Morogoro.

Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa zaidi ya kilomita 65,000. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kwa uhakika barabara hizo ziwe nene kiasi gani. Wenye malori walisema malori hayaharibu barabara kama inavyodaiwa. Wenye magari madogo walisema wanalipishwa uharibifu wa wengine. Badala ya kubishana, idara za barabara za majimbo na serikali kuu walianza mwaka uleule kujenga barabara ya kuharibiwa makusudi. Ilikuwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kama kilomita 130 kusini-magharibi mwa Chicago. Walitengeneza mizunguko sita yenye vipande 836, vingine vya lami, vingine vya zege, kila kimoja na unene wake. Mzunguko mmoja haukupitiwa na gari hata moja, ili waone hali ya hewa peke yake inafanya nini. Katika mitano iliyobaki, kila njia ilipewa uzito mmoja tu wa ekseli, yaani ule mhimili unaobeba magurudumu.

Kisha wakaletwa wanajeshi. Waliishi kambini hapohapo na kazi yao ilikuwa kuendesha malori yaliyopakiwa vyuma na zege, kuzunguka, usiku na mchana, kuanzia Oktoba 1958 hadi Novemba 1960. Ekseli zilizopita kila njia zilifika 1,114,000. Gharama yote ilikuwa dola milioni 27 za wakati ule.

Kuna jambo dogo katika jaribio lile ambalo nalipenda kuliko yote. Watafiti walijiuliza: barabara "mbaya" ni ipi? Chombo kinaweza kupima mabonde kwa milimita, lakini barabara imejengwa kwa ajili ya binadamu aliyeketi kwenye kiti. Basi wakakusanya watu, wakawapitisha juu ya barabara mbalimbali, wakawaambia kila mmoja aandike alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na alivyoisikia safari. Baadaye wanahisabati wakaunganisha alama za wale watu na vipimo vya vyombo. Kipande kilichoshuka hadi 1.5 kilihesabiwa kimekufa. Wapiga kura wako, Mheshimiwa, wanakupa alama hizohizo kila wakishuka kwenye bodaboda huku wameshika kiuno, ila hakuna anayeziandika.

Kilichopatikana Ottawa ni hiki: uharibifu hauendi sambamba na uzito. Uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka kama mara 16. Fanya hesabu ya lori ambalo ekseli yake inatakiwa kubeba tani 10, tajiri akaipakia 12. Mzigo umezidi kwa sehemu moja ya tano. Uharibifu umekuwa zaidi ya mara mbili. Ekseli ya gari dogo la nusu tani ukiilinganisha na ekseli ya tani 10, ile kubwa inaharibu kama magari madogo 160,000. Ndiyo sababu kuna mizani Vigwaza, Mikese na Mikumi, na kwa jirani zetu Mariakani na Gilgil. Ndiyo sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima na ukomo mwingine kwa kila ekseli. Dereva aliyekaa kwenye foleni ya mizani kwa saa tatu hajui, lakini anapimwa kwa kanuni iliyotoka kwenye kijishamba cha Illinois. Barabara kuu ambayo ingekufa kwa miaka saba inaweza kufika kumi na tano kwa sababu mtu alitumia fedha ya umma kuua barabara nyingine kwa utaratibu.

Mtu anaweza kusema: vizuri, Wamarekani wamekwisha kufanya, sisi tusome tu matokeo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na hata sisi wahandisi tulikosea kwa muda mrefu. Ottawa palikuwa na aina moja ya udongo na hali moja ya hewa. Kule ardhi inaganda wakati wa baridi, na inapoyeyuka inakuwa uji. Vipande vingi vilikufa katika wiki hizo za kuyeyuka. Kwetu ardhi haigandi. Tuna mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na tuna changarawe nyekundu ambayo Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni nadra kuikuta.

Changarawe hiyo nyekundu ukiipeleka maabara ukaipima kwa vigezo vya kizungu, inafeli. Ina ufinyanzi mwingi, saizi za chembe hazijapangika. Kwa hiyo kwa miaka mingi kitabu kilituambia tuiache, tukasage mawe kilomita 80 kutoka hapo, tuyalete kwa lori. Barabara ya kijiji ikawa ghali kiasi kwamba haijengwi. Lakini ile changarawe iliyofeli karatasini, ukiikausha vizuri kwa mtaro wa maana na ukaifunika kwa lami nyembamba, kwenye barabara ya magari machache inadumu. Sisemi hivyo kwa kukisia. Watu walijenga vipande, wakavipima miaka nenda miaka rudi kusini na mashariki mwa Afrika, mpaka vitabu vikabadilishwa. Tanzania ilitoa mwongozo wake wa barabara za magari machache mwaka 2016.

Baadhi ya majaribio yalifanyika hapa nchini, kwa fedha ya utafiti ya serikali ya Uingereza. Moja lilikuwa Bagamoyo, barabara ya Bago hadi Talawanda. Jingine lilikuwa Siha, Kilimanjaro, barabara ya Lawate hadi Kibongoto, ambako ni milima na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Waliweka aina mbalimbali za tabaka la juu kwenye barabara ileile, moja baada ya nyingine. Mojawapo ni ile ninayotaka uifikirie kwa ajili ya kata yako: mistari miwili ya zege, kila mmoja kwa matairi ya upande mmoja, na katikati panabaki udongo au mawe. Unaweka kwenye mwinuko mkali tu, pale magari yanapokwama. Zege ni nusu ya lile ambalo ungemwaga barabara nzima, na mafundi wa kijijini wanaweza kulimwaga wenyewe. Maana barabara yako, kwa maelezo yako mwenyewe, haikatiki kilomita zote 14. Inakatika sehemu tatu.

Nikuonyeshe pia chombo, kwa sababu neno "maabara" linakufanya uone koti jeupe. Chombo kilichobadilisha barabara zetu za vijijini kinaitwa DCP. Ni fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, na juu yake kuna nyundo ya kilo 8. Kijana anaisimamisha wima, mwingine anainua nyundo hadi mwisho wa mpini na kuiachia, inaanguka milimita 575, kila mara sawasawa. Wa tatu anasoma rula na kuandika: pigo la kwanza, milimita 9, la pili, milimita 8. Ncha ikizama milimita 3 kwa pigo, hapo pagumu. Ikizama 40, ndugu yangu, hapo ndipo lori litalala masika. Watu watatu na daftari. Asubuhi moja mnapima sehemu nyingi na mnajua udongo wa barabara una nguvu gani hadi kina cha sentimita 80, bila kuchimba shimo. Lakini ili zile milimita ziwe na maana, ilibidi watu wapige fimbo hiyo maelfu kwa maelfu ya mara, kwenye barabara zilizodumu na zilizokufa, walinganishe. Fimbo yenyewe anaweza kuichonga fundi wa gereji. Ile maana ndiyo iliyogharimu fedha ya serikali.

Na swali lako la pili, kwa nini kampuni zisilipe. Jiweke kwenye viatu vya mkandarasi. Amepata kazi ya kilomita 30. Akimaliza, kipindi cha uangalizi kwa kawaida ni mwaka mmoja, kisha anaondoka. Lami aliyoiweka itaonyesha ubora wake mwaka wa kumi. Akigundua njia ya kuifanya idumu miaka ishirini badala ya kumi na mbili, faida si yake, ni ya mwenye barabara na ya wapita njia. Tena mpinzani wake atakuja na kamera ya simu, aone anavyofanya, aige. Na hata akitaka kuitumia njia hiyo mpya, mkataba unamwambia afuate mwongozo wa wizara. Nje ya hapo halipwi. Mnunuzi wa barabara ni mmoja tu, serikali, na kitabu cha masharti anakiandika yeye. Ndiyo maana hata Marekani, yenye kampuni tajiri kuliko bajeti zetu, utafiti wa msingi wa barabara unalipiwa na umma. Kampuni zinaingia pale ambapo kuna bidhaa ya kuuza: mashine, viambato vya lami, vyombo vya kupimia. Hapo ndipo serikali inaweza kuwaambia, lete nusu na mimi nusu.

Mfano wa nusu kwa nusu upo, na unahusu madaraja. Tarehe 1 Agosti 2007 jioni, daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis lilianguka mtoni Mississippi magari yakiwa juu. Walikufa watu 13, wakajeruhiwa 145. Siku nane baadaye, kwa sheria iliyokuwa ikiandaliwa kwa sababu nyingine kabisa, Marekani iliunda mpango wa utafiti chini ya taasisi yake ya taifa ya viwango na teknolojia, NIST. Kampuni moja ingeweza kupata hadi dola milioni 3 kwa miaka mitatu, kundi la kampuni na vyuo hadi milioni 9 kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba serikali hailipi zaidi ya nusu ya gharama ya mradi. Shindano la kwanza kabisa lilikuwa la vyombo vya kusikiliza afya ya madaraja, barabara na mabomba ya maji: vihisio visivyo na waya vinavyopima mtikisiko, mnyumbuko na kutu, na kutuma taarifa bila mkaguzi kupanda ngazi.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo wauza vihisio hawalisemi. Daraja la Minneapolis halikuangushwa na ukosefu wa vihisio. Uchunguzi ulikuta kwamba vile vibao vya chuma vinavyounganisha mihimili vilikuwa vyembamba mno, inchi nusu tu, kwa kosa la hesabu lililofanywa miaka ya 1960 na halikuonwa na mtu kwa miaka 40. Siku ile juu ya daraja palikuwa pamerundikwa mchanga, kokoto na mitambo ya ukarabati. Linganisha na daraja la Silver Bridge, juu ya mto Ohio, lililoanguka 15 Desemba 1967 na kuua watu 46. Lile liliuawa na ufa wa kina cha milimita mbili na nusu hivi, ndani ya tundu la chuma ambako jicho la mkaguzi lisingefika bila kulifungua daraja. Baada yake, mwaka 1971, Marekani ikaweka viwango vya taifa vya kukagua madaraja. Ajali moja ilidai vyombo vya kuona ndani ya chuma. Nyingine ilidai mtu wa kurudia hesabu za zamani. Utafiti mzuri huanza kwa kuuliza daraja hili litakufa kwa ugonjwa gani. Nalisema hili nikifikiria madaraja yetu yanayokaa kwenye maji ya bahari, lile la Kigamboni lililofunguliwa 2016 na la Tanzanite la 2022. Chumvi inapenya kwenye zege polepole mpaka ifike kwenye nondo. Kasi yake kwa joto la Dar es Salaam na kwa saruji yetu haiwezi kusomwa kwenye kitabu cha Norway. Lazima ipimwe hapo hapo, na kuanzia sasa, wakati nondo ni nzima.

Sitakudanganya kwamba kila fedha ya utafiti inazaa. Serikali ya Ujerumani ililipia kwa miaka mingi treni ya Transrapid, inayoelea juu ya reli kwa sumaku. Walijenga njia ya majaribio ya kilomita 31.5 huko Emsland. Teknolojia ilifanya kazi. Lakini mwaka 2006 treni iligonga gari la matengenezo lililosahaulika njiani, watu 23 wakafa, na mwaka 2008 mradi wa kuipeleka uwanja wa ndege wa Munich ukafutwa kwa gharama. Njia ya biashara iliyopatikana ni moja tu, ya Shanghai, kilomita 30. Ukiniuliza mimi, tofauti ya Emsland na Ottawa ni hii: Ottawa walitafuta jibu la swali ambalo kila barabara ya nchi ilikuwa inaliuliza.

Kuna hasara nyingine, ndogo kwa fedha, ambayo mimi inaniuma kuliko ya Wajerumani, kwa sababu nilikuwepo. Nikiwa kijana nilikuwa kwenye timu iliyojenga vipande sita vya majaribio kwenye barabara ya wilaya moja, kila kimoja mita 100, kila kimoja na mchanganyiko wake. Tulisimamisha vigingi vyeupe mwanzo na mwisho wa kila kipande. Kila baada ya miezi mitatu tulikwenda na ubao mnyoofu wa mita mbili na kabari, tukapima kina cha mkondo wa magurudumu, tukaandika. Mwaka wa pili mradi ukaisha. Gari likarudishwa. Daftari likabaki kwenye droo ya ofisi ambayo baadaye ilihamishwa. Nilipita tena njia ile baada ya miaka kama mitatu, nikakuta vigingi vimeng'olewa na greda na changarawe mpya imemwagwa juu ya vipande vyote sita. Dereva wa greda hakukosea, alitumwa kuchonga barabara. Nilisimama pale kama mtu aliyefika msibani baada ya mazishi. Tulikuwa tumelipia sehemu ya gharama kubwa, ya kujenga, tukashindwa kulipia sehemu ya bei rahisi, ya kurudi na ubao.

Ndiyo sababu nikiulizwa serikali itoe nini, sitaji kiasi kikubwa, nataja fungu lisiloguswa. Marekani wana kanuni ambayo ningependa tuiige bila kubadilisha hata neno: kila jimbo linatenga asilimia 2 ya fedha kuu za barabara linazopewa na serikali kuu kwa ajili ya mipango na utafiti, na angalau robo ya asilimia hizo lazima iende kwenye utafiti wenyewe na kufundisha matokeo yake. Kwa kila shilingi bilioni 100 za barabara, mipango na utafiti ni bilioni 2, na utafiti wenyewe unapata angalau milioni 500. Barabara zinabaki na bilioni 98. Mwaka 1987 walianza pia mpango wa kufuatilia barabara kwa miaka 20, vipande zaidi ya 2,500 Marekani na Kanada, na miaka 20 ilipokwisha hawakuuzima. Ule mpango wa NIST wa nusu kwa nusu, kwa upande mwingine, Bunge lao liliunyima fedha za mwaka wa fedha wa 2012 na ukafa, kabla miradi mingi haijaonekana ilikofikia. Hata wao huanguka. Kinachowaokoa ni lile fungu la asilimia lililoandikwa kwenye sheria, ambalo halisubiri huruma ya mwaka wa bajeti. Sisi tunayo tayari tozo ya mafuta na Mfuko wa Barabara. Mlango wa kuliingiza fungu hilo upo.

Sasa wewe, kabla ya masika yajayo. Nenda kwa meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa heshima, umwombe DCP na vijana wawili kwa siku mbili. Mpime zile sehemu tatu zinazokatika, na mpime pia sehemu moja ya barabara ileile ambayo haijawahi kukatika, ili muwe na cha kulinganisha. Angalieni maji yanatoka wapi. Naweka dau kwamba angalau sehemu moja kati ya hizo tatu haihitaji kokoto hata kidogo, inahitaji kalavati kubwa zaidi au mtaro unaopeleka maji upande mwingine. Mwombe meneja mwinuko mmoja mkali uwekewe mistari ya zege, hata mita 100 tu. Wekeni vigingi, na mwandikieni barua fundi wa greda kwamba hapo asiguse. Mpeni daftari mwalimu wa sekondari ya kata pamoja na wanafunzi wake wa fizikia, wapime kina cha magurudumu kila mwisho wa mwezi na kuandika mvua iliyonyesha. Nakala moja ikae shuleni, moja ofisi ya kata, moja kwa meneja, isije ikatokea kama ya droo yetu.

Baada ya masika mawili niandikie tena, uniambie namba zinasemaje. Nitazisoma moja moja.